Vitenzi Arubaini kwa Pumzi Moja

Tangu nistaafu ualimu wa shule ya msingi, nafundisha watu wazima Kiingereza katika chumba cha chuo cha Qur'ani hapa Malindi, baada ya sala ya alasiri, watoto wakishakwenda zao. Wanafunzi wangu ni watu wa kazi: dereva wa tuktuk, muuza vinyago, wafanyakazi wa hoteli. Namshukuru Mola kwamba katika umri huu bado kuna anayenihitaji.

Kinachowatesa zaidi ni vile vitenzi vinavyofuatwa na kijineno. "Look" ni kutazama, lakini "look after" ni kutunza, na "look for" ni kutafuta. Hakuna kanuni ya kushika, ni kuvijua tu. Basi nikafanya kama nilivyofanyiwa utotoni. Nilichagua arubaini vinavyohitajika hotelini, nikavipanga kwa herufi, tukavisoma kwa sauti na mahadhi, miili ikisukasuka kama ya watoto wa chuo, mpaka vikakaa kifuani.

Aliyevihifadhi mwanzo alikuwa mama mmoja wa Muyeye, mfuaji wa mashuka hotelini. Miaka mingi ya sabuni na pasi ilikuwa imeanza kumtia mikono ganzi. Nafasi ilitokea mapokezi, naye akaitwa kwa mahojiano.

"Maalim," aliniambia, "nikiikosa hii, sijui mikono hii itanifikisha wapi."

Nilimsikiliza vyote arubaini. Hakukosea hata kimoja. Nikamwombea dua, akaenda.

Kesho yake alirudi, akaketi nyuma kabisa.

"Vipi, mwanangu?"

"Meneja aliniuliza, mgeni anataka gari limchukue hotelini asubuhi, utamjibu vipi. Nikajua ni 'pick up'. Lakini kulifikia siwezi mpaka nianze mwanzo. Nikawa nasoma moyoni, 'calm down', 'check in'... Nilipofika herufi ya L, keshauliza jingine."

Dereva wa tuktuk akasema, "Na huyo mgeni, bibie, bado yuko kitandani au keshakosa ndege?"

"Nyamaza wewe. Wageni wako wewe unawajibu kwa honi."

Tulicheka, na yeye akacheka, lakini mimi moyo ulinisinyaa. Kosa lilikuwa langu. Aliyehifadhi sura kwa mahadhi, ukimuuliza aya ya katikati, hurudi mwanzo kuitafuta. Kila maalim analijua hilo, ndiyo maana chuoni mtoto hahesabiwi amehifadhi mpaka mwalimu aanze aya yoyote ya katikati, naye aipokee papo hapo. Hatua hiyo niliiruka kwa kufurahishwa na sauti zao.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kisha nikamuuliza kama angeweza kuomba asikilizwe tena. "Naona haya," alisema. Hata hivyo alikwenda, na meneja, mwanamke mwenye subira, akampa hadi Alhamisi.

Zilibaki siku nne. Mahadhi tuliyaacha, kila mmoja akawa mgeni wake. Dereva alijifanya mzee mkali aliyepoteza ufunguo. Mimi nilimvizia hata mlangoni. Siku ya kwanza alifumba macho, mwili ukaanza kusukasuka, nikajua anarudi mwanzo.

"Fumbua macho," nikamwambia. "Mtazame mgeni."

Siku ya tatu nilimkuta akivua viatu, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nataka kutoka kidogo na mtoto wangu amelala chumbani. Akanijibu kiatu kikiwa mkononi: "I will look after him." Nilimpisha apite.

Alhamisi darasa lilianza bila yeye. Alipoingia, wote tuligeuka kumtazama.

"Nimeambiwa nianze Jumamosi, mapokezi," alisema. "Watanitazama miezi mitatu kwanza."

Nikasema alhamdulillahi.

"Alikuuliza la ufunguo wangu?" dereva akauliza.

"Hakuuliza. Aliniuliza habari ya mgeni aliyekuja kulalamika bomba linavuja. Na bomba halimo katika vile arubaini vya maalim."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwomba mgeni radhi, nikamwambia naita fundi sasa hivi. Kwa maneno niliyonayo." Alifungua daftari ukurasa mweupe, akashika kalamu kwa vile vidole vyake vizito. "Sasa, maalim, hayo yasiyomo tutayaanza lini?"

Tuliyaanza pale pale, kwa bomba.