Ukizima, Imezimwa

Mafuriko ya mto Mulongwe yaliharibu mashine zote za laboratwari ya shule ya mdogo wangu. Tangu hapo wanafunzi wa umeme walijifunzia kwenye kompyuta. Kulikuwa na mota ya kweli katika chuo cha nchi nyingine. Kila mmoja alipewa nusu saa ya kuiwasha kutoka Uvira na kuitazama kwenye kamera ikizunguka. Mtandao ukikosekana, walitumia mota ya kuchorwa kwenye kompyuta. Ukikosea waya, alama nyekundu inatokea, unaanza upya.

Mimi niliacha shule mwaka tuliowazika baba na mama, nikaenda kuuza samaki wa ndagala bandarini Kalundu ili yeye abaki darasani. Aliponionyesha ile mota ya mbali nilijivuna kama vile naizungusha mimi.

Mwaka wake wa mwisho aliitwa kwenda Nyakabere kurekebisha mota ya kinu cha mihogo. Nilimsindikiza. Mwenye kinu akamtazama mikono.

"Injenieri, mikono laini hivi! Mota kama hii ulishaiona wapi?"

"Ku ekran ya kompyuta, papa."

"Basi uiambie itoke mu ekran, ikuje kutusagia!"

Tulicheka sote. Mdogo wangu akashusha swichi kubwa kukata umeme, akaanza kufungua nyaya.

Nyuma ya ukuta, jirani alikuwa ameunganisha laini yake kwenye nyaya hizohizo za kinu, na dakika ile akawasha jenereta yake. Niliona tu mkono wa mdogo wangu umeganda kwenye waya. Mwenye kinu alimsukuma kwa mchi, naye akaanguka kwenye unga.

Hospitali walimkata vidole viwili vya mkono wa kuume. Nilipofua suruali yake nilikuta kipimo cha umeme mfukoni, hakijatolewa hata kwenye karatasi yake.

"Yaya, kule ku ekran ukizima, imezimwa," aliniambia mimi mkubwa wake.

Alisema hatagusa tena waya, atatafuta kazi ya kuandika ofisini. Kwa wiki nzima nilimwacha aseme hivyo. Kisha mwenye kinu akatuma ujumbe: mota ingali imelala.

"Utaenda," nilimwambia.

"Miye naogopa, yaya."

"Ogopa, lakini twende."

Nyakabere niliingia kwanza kwa jirani, nikazima jenereta, nikaikalia. Kupitia tundu la ukuta nilimwona akitoa kipimo, akagusa waya mmoja, wa pili, wa tatu, akarudia wote. Halafu akaanza kufunga nyaya, kwa mkono wa kushoto, polepole sana.