Tumbili Hakuapa

Kwetu Kalamba tumbili hawaogopi wanawake. Mwanamume akitokea kwenye mahindi wanakimbilia migunga. Nikitokea mimi wanaendelea kula, na mama yao mmoja hunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia shambani mwake. Ndiyo maana, mahindi yakianza kubeba, mume wangu alikuwa akishinda kwenye tuta la juu. Hakuhitaji kurusha jiwe. Koti lake la kijivu lilitosha.

Nilijua ugonjwa wake umekomaa siku walipoacha kumwogopa. Alikuwa amesimama katikati ya mistari ya mahindi, mguu umegoma, mkono wa kulia ukitetemeka. Tumbili mdogo alivunja hindi karibu naye, akaketi, akala akimtazama usoni. Mume wangu hakuweza hata kumfokea. Sauti yake nayo ilikuwa imepungua.

Daktari wa hospitali ya mjini Wote alimwambia atembee, ageuke, agonganishe vidole. Akasema ni Pakinsoni: kuna mahali ndani ya ubongo panapokufa polepole. Mashine ya kupaona mahali hapo hawakuwa nayo, akampa tembe. Tembe zilimfungua kwa saa chache, kisha mwili ukamfunga tena.

Nyumbani ugonjwa ulikuwa na jina lingine. Zamani yeye na kaka yake mkubwa waligombania kipande cha shamba kilicho kandokando ya mkonge wa mpaka. Kaka yake alidai mkonge ule ulihamishwa. Wazee wa ukoo wakaleta kithitu, kiapo chetu cha mwisho, na mume wangu akaapa kwamba haukuhamishwa. Anayeapa uongo, kithitu humla yeye na nyumba yake. Na ikiwa aliyeapa alisema kweli, humgeukia yule aliyemlazimisha kuapa. Kanisa liliposikia likamwondoa kwenye uzee wa kanisa, maana Mkristo haapi kwa vitu hivyo. Halafu mkono ukaanza kutetemeka.

Basi wachungaji walikuja kumwambia atubu kwamba aliapa. Watu wa ukoo walikuja kumwambia akiri kwamba aliapa uongo, arudishe kipande, achinjiwe mbuzi, atakaswe. Yeye alikaa kimya katikati yao, kama alivyokuwa akikwama mlangoni. Mlango ulikuwa adui yake. Miguu iliganda kizingitini, na ukimvuta anaanguka. Nikagundua kwamba nikiweka fimbo chini mbele ya miguu yake, anaivuka. Sakafu tupu ilimshinda, lakini kizuizi alikiruka. Kila siku niliinama kumwekea fimbo ile ili atoke nje akaote jua.

Wakati huo ndipo watu wa utafiti walipokuja na pikapu na vizimba vya chuma. Walikuwa wanaume wawili na daktari wa wanyama, binti wa watu wa Kitui. Aliniita *mwaitu*, mama yangu, akaniomba niwe mimi wa kuweka mahindi ndani ya kizimba, kwa kuwa mimi tumbili hawanikimbii. Kizimba kiliachwa wazi. Niliweka mahindi kila asubuhi hadi wakaingia na kutoka kama ni kwao. Nilifurahi, sitaficha. Walikuwa wametumaliza.

Asubuhi mlango wa kizimba ulipoangushwa, kelele za tumbili zilinitoa jikoni. Walikuwa wameshika vyuma, wanavitikisa. Mama yao alikuwa nje, anazunguka.

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake uani. "Mnawapeleka wapi?" akauliza.

"Kituo cha utafiti, mzee. Upande wa Nairobi."

"Mkawafanye nini?"

Yule binti aliutazama mkono wa mume wangu. "Nikuambie ukweli, mzee?"

"Niambie. Uongo nimeshiba."

Akachutama mbele yake, akasema. Baadhi yao watadungwa dawa inayoua sehemu ile ile ya ubongo inayokufa kwa mgonjwa kama yeye. Watalazwa usingizi, waingizwe kwenye mashine kubwa, wapigwe picha za ubongo kabla ya dawa na baada yake. Hivyo ugonjwa utaonekana ukiingia, na siku moja huenda ikajulikana jinsi ya kuuzuia.

Nilivitazama vile vizimba. Mahindi yale niliyaweka mimi.

"Watatetemeka?" mume wangu akauliza.

"Watatetemeka. Watakuwa wagumu, wakwame."

"Na wao wameapa nini?"

Binti hakuelewa. Mimi nilielewa, nikageuza uso.

Toka hapo hakuwa na neno lingine. Alitaka aione hiyo picha, na kaka yake aione. Ikiwa mnyama asiye na shamba wala ukoo anaweza kuwa vile, basi naye ataondolewa jina la mwongo kabla hajafa. Hilo tu.

Binti aliahidi, akatimiza. Msimu uliofuata alirudi na kompyuta, akaiweka juu ya kigoda, nikaikinga jua kwa leso. Kaka yake mume wangu alikuwa ameitwa, amesimama, fimbo kwapani.

Picha zilikuwa mbili. Katika ya kwanza, ndani ya kichwa cha tumbili mzima, kulikuwa na vitu viwili vinavyong'aa, kama maharagwe mawili yenye mikia. Katika ya pili, ya tumbili yule yule baada ya dawa, mikia haikuwapo na mng'ao ulikuwa umefifia, kama makaa yanayoingia jivu.

Mume wangu alitazama kwa muda mrefu. Uso wake haukuonyesha kitu, maana ugonjwa ulikuwa umeukaza, lakini machozi yalishuka. "Ni mimi yule," akasema. Kisha akamwambia kaka yake, "Umeona? Tumbili hakuapa."

Shemeji yangu aliinama, akatazama, akanyooka. "Tumbili alidungwa," akasema. "Wewe ulidungwa na nani?"

Mume wangu akamgeukia binti. Nami nikamgeukia. Angeweza kusema lolote, tungemwamini.

"Kwa binadamu," akasema polepole, "mara nyingi hatujui chanzo."

"Umesikia," shemeji akasema, akaenda zake.

Simlaumu yule binti. Alikuwa ameahidi ukweli. Alipoomba niweke tena mahindi kizimbani nikamwambia siwezi, naye hakubishana. Tumbili wengine walirudi, na mwaka huo tulivuna kidogo sana.

Mume wangu hakuitaja picha tena. Alikufa mvua zikiwa zimekwisha, amekonda, mikono imetulia hatimaye. Kwenye mazishi watu waliimba vizuri. Pia nilisikia wakinong'ona nyuma ya tanki la maji kwamba kithitu hakina haraka, na kwamba sasa ni zamu ya mke.

Kama aliapa ukweli, mimi sijui. Nilipoolewa mkonge ulikuwa umeshakua. Sikumuuliza alipokuwa hai, kwa kuogopa angenijibu.

Juzi shemeji alikuja kunijulia hali. Nilimmiminia chai. Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akauacha juu ya goti. Hapo nikaona kidole gumba kikisugua cha shahada, taratibu, kama mtu anayesokota ugoro. Najua kidole kile. Cha mume wangu nililala kando yake miaka mingi.

Nilijua pia kwamba nikinyamaza, ukoo utajionea wenyewe. Watasema kithitu kimemgeukia aliyedai uongo. Jina la mume wangu litasafishwa bila mbuzi, na mimi nitaweza kupita sokoni bila kutazamwa. Nilichotakiwa kufanya ni kuongeza chai.

"Shemeji," nikasema, "kidole hicho kimeanza lini?"

"Kidole gani?" Akakiangalia. "Ni baridi tu."

"Jua lote hili?"

Akakifumba ndani ya kiganja.

"Nenda Wote," nikamwambia. "Daktari akuone ukitembea. Ni ugonjwa ule ule."

"Mimi sikuapa!" Aliweka kikombe chini, chai ikamwagika. "Aliyeapa ni yeye. Mimi sikuapa kitu!"

"Najua."

Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, lakini koti nalo likaanza kutikisika. Tulikitazama kile kitambaa, sote wawili.

"Nani mwingine ameona?" akauliza.

"Mimi tu, kwa sasa."

Aliketi hivyo hadi chai iliyobaki ikapoa. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, kama ningeweza kumsindikiza hospitalini.

"Nitakusindikiza," nikasema.

"Na watu wakiuliza?"

"Watauliza," nikamwambia. "Utawajibu wewe."