Jumamosi ya Wagonjwa

Juzi nilimkuta mlinzi wa jengo letu hapa Kilimani akitoa birika la umeme kwenye pipa la taka. Lilikuwa zima, waya tu ndio umekatika. "Madam, hawa watu kitu ikizima kidogo tu wanatupa," akaniambia. Niliudhika, rafiki yangu, mpaka hamu ya chai ikaniisha. Kwetu Parklands, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, birika kama hilo lisingefika kwenye taka.

Ploti yetu, nyumba za kupanga zenye ua mmoja, ilikuwa na Jumamosi yake, ya mwisho wa mwezi. Mkeka ulitandikwa uani, chai ya tangawizi ikachemka, harufu ya lehemu ikachanganyika na ya maandazi. Kila nyumba ilishuka na kilichoharibika: pasi, stovu, viatu, hata miavuli. Aliyejua viatu alishona vya wote, aliyejua stovu akabadilisha tambi za wote. Kisichotengenezeka kilivuliwa skrubu na waya za kusaidia vingine, na shimo la taka nyuma ya nyumba halikujaa. Sharti lilikuwa kwamba huachi kitu chako ukaenda zako. Unakaa nacho mpaka kipone. Hapo ndipo watu waliokuwa wakipishana ngazini kwa "sasa" na "poa" walijuana shida zao.

Na ole wako useme kitu kimekufa! Jirani wetu wa ghorofa ya juu, karani mmoja wa mjini, mtu wa Pwani aliyependa redio kupita kiasi, alikuwa mkali kweli. "Kimekufa, umekizika wewe? Sema ni mgonjwa!" Basi uani kote tukawa tunaulizana, mgonjwa wako ana nini leo.

Jumamosi moja Shosho, bibi yangu mzaa mama, alishuka na redio yake ameifunga kwa leso. Kila jioni redio hiyo ilimsomea matangazo ya vifo kwa lugha ya kwetu, na sasa ilikuwa imenyamaza. Dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, alikuwa hoi kitandani kule Murang'a, na huko hakukuwa na simu. Shosho aliogopa dada huyo atazikwa bila yeye kujua. Haya yote alikuwa ameyameza. Sisi tulidhani ni miguu tu inamsumbua.

"Haya Bibi, mgonjwa anaendeleaje?" karani akamuuliza, bisibisi mkononi.

"Amezidiwa," Shosho akasema. "Hata sauti imeisha."

"Tutamfungua tumbo tuone!"

Ua wote ukaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, jamani, tena kwa nguvu. Shosho akaangalia chini. "Ni dada yangu," akasema. "Hakuli tena."

Kicheko kilikatika. Karani aliweka bisibisi chini, akapiga magoti mbele yake. "Nisamehe, Bibi. Nilidhani ni redio." Akaitengeneza redio, Shosho kando yake, hakuna aliyetania tena. Ilipoanza kuongea, Shosho aliikumbatia, akashukuru kwamba sasa atasikia siku ikifika.

"La, Bibi," karani akamwambia. "Usingoje redio ikuambie. Kesho asubuhi nakupeleka."

Akampeleka kweli, kwa gari lake bovu lililozimika kila mlima. Wiki hiyo ndugu wawili hao walilala chumba kimoja kama zamani. Halafu jioni moja, sisi tukiwa uani, redio aliyotuachia Shosho ikasoma jina la mgonjwa kwenye matangazo ya vifo, na kati ya waliomuuguza ikamtaja Shosho wetu. Wengi pale hawakuijua lugha ile. Walitambua jina tu, na wote wakasimama. Kufikia usiku nyumba yetu haikuwa na mahali pa kukaa kwa wingi wa majirani.

Ploti ile ilibomolewa, wenyewe wakatawanyika. Sasa ninaishi ghorofa ya tisa, na majirani zangu ninawajua kwa namba za milango. Mwaka jana Shosho naye alifariki. Niliandika habari hiyo kwenye grupu ya jengo, na simu ikajaa pole na picha za mikono inayoomba. Siku ile niliacha mlango wazi tangu asubuhi. Nilichemsha chai sufuria nzima, nikapanga vikombe. Hakuna aliyeingia.