Sababu mbili za kutokula kobe

Nakumbuka Jumapili ile wakubwa wa Feza walipotembea kutoka Wamaza hadi kwetu, karibu na Kasongo, kukubaliana juu ya ndoa yetu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza sekondari, upande wa biolojia. Mama alikuwa amepika bugali na sombe ya majani ya muhogo, na jirani mmoja, aliyehamia karibuni, akaleta kwa moyo mwema sufuria ya nyama. Akaifunua. "Ni kobe wa porini. Karibuni!"

Mikono ikarudi nyuma. Ya kwetu na ya kwao, kwa pamoja.

Baba mkubwa Paulo, msemaji wa ukoo wetu, akamtazama babu yake Feza. "Mzee, kwenu pia kobe iko mwiko?"

"Tangu wazee wetu."

"Basi hawa watoto iko ndugu. Ndoa hakuna."

Mwanangu, kwetu watu wenye mwiko mmoja walihesabiwa kuwa wa damu moja, na wa damu moja hawaoani. Feza alikuwa mlangoni na beseni la maji ya kunawa. Alibaki amelishika, hajui aliweke wapi.

Baba mkubwa akanigeukia. "Wewe mutu wa masomo ya wanyama. Kobe wawili wakifanana, na wanakaa mbali-mbali, vitabu inasema nini?"

Sikuweza kudanganya. Nikawasimulia yale mwalimu wetu aliyotueleza juu ya kobe wa Asia. Kuna mmoja anayeishi katika milima yenye misitu, kusini-magharibi mwa India. Mwingine yuko Sulawesi, kisiwa cha Indonesia, mbali sana, ng'ambo ya bahari. Jamaa yao wa tatu, aliyeenea kutoka kaskazini mwa India na Nepali hadi Vietnam, ana kigamba kidogo juu ya shingo, pale mbele kabisa ya gamba lake kubwa. Hao wawili wa kwanza kwa kawaida hawana. Kwa sababu wanakosa kitu kilekile, wataalamu waliwaweka katika spishi moja, na wengine wakadhani watu wa zamani ndio waliowabeba kutoka India wakawafikisha kisiwani.

"Munasikia?" Baba mkubwa akapiga paja. "Hata kobe ya Wahindi iko na ukoo!"

Hapo shangazi Amisa, dada mkubwa wa baba, akaniita. "Mutoto wangu, nani aliwaona wakipanda mutumbwi?"

"Nani, shangazi?"

"Hao kobe! Unasema walibebwa. Nani aliona?"

Nikakiri kwamba hakuna.

"Wamekosa kitu kimoja, basi wamezaliwa pamoja? Mimi sina meno. Jogoo hana meno. Jogoo iko ndugu yangu?"

Watu wakacheka, hata babu yake Feza. Shangazi hakucheka. Alimwomba mzee aeleze mwiko wao ulianzaje. Mzee akasimulia kwamba bibi yao mmoja alipotea msituni, akamfuata kobe mpaka kwenye kijito, na kijito kikamrudisha nyumbani. Wakaapa kutomla tena. Sisi nasi? Babu yetu alikula kobe akatoka vidonda mwili mzima, na watoto wake vilevile, akaipiga marufuku nyama hiyo. Kisha shangazi akauliza swali la mwisho: katika misiba yote ya kwetu, nani alishawahi kuona mtu wa kwao amekuja kulia kama ndugu? Na kwao, nani alimwona wa kwetu?

Hakuna.

Baba mkubwa akavuta pumzi ndefu. "Basi kobe wangu amenikimbia," akasema. "Hawa watoto haiko ndugu. Lete maji, mwali wetu, tunawe." Feza akaleta beseni mbio, nusu ya maji yakamwagikia miguu yangu. Sijawahi kufurahia kulowa namna ile.

Miaka ikapita, nami nikawa mwalimu. Siku moja mwanafunzi wangu wa zamani akaniletea habari kutoka Kisangani: wataalamu walichunguza urithi ulio ndani ya chembe za miili ya kobe wale wawili, wakakuta kila mmoja ni spishi yake. Yule wa Sulawesi hakubebwa kutoka India; kisiwa ni kwao. Nilipomweleza Feza, alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe miaka yote hiyo wataalamu walikuwa wanamngoja shangazi mmoja tu!"

Sasa nisikie, mwanangu. Ukiona watu wawili wanafanana, usikimbilie kusema ni wamoja. Wageni wanaokuja kuchimba dhahabu Salamabila, wakisema kwa lafudhi moja, usiwafunge kamba moja. Kufanana kunakupa swali tu. Jibu liko kwa wenyewe. Uliza walitoka wapi, walianzaje, nani analia nao. Uliza kwa upole, kabla hujakataza wala kuhukumu, maana huenda mlangoni amesimama mtu na beseni lake.

Nyumbani kwetu hatuli kobe mpaka leo, na watoto wetu wana sababu mbili. Mungu akupe subira ya kuuliza, akupe na mtu wa kukuuliza wewe unapokosea, na atakayekuletea maji ya kunawa asikose mahali pa kuliweka beseni.