Tarehe Tisa za Utoro

Chaki hakuwa mwanamke wa kupendeka, na wala hilo halikumnyima usingizi. Alifundisha watoto waliolazwa miezi na miezi hospitalini: wa figo, wa moyo, wa sikoseli. Jina hilo alibandikwa na wauguzi kwa sababu ya vumbi alilowaachia kwenye mashuka. Matroni hakutaka hata kumwona. "Hapa ni wodi, si shule," alimwambia kila Jumatatu, kisha akausukumia ubao wake koridoni.

Mwaka ule kulikuwa na binti wa miaka kumi na tatu, mwenye sikoseli, wa darasa la mwisho la msingi. Maumivu ya mifupa yakimshika analazwa, anatoka, analazwa tena. Siku moja mama yake, dobi wa hosteli ya jirani, aliingia wodini na habari mbaya. Mwalimu mkuu wa shule yake amelikata jina la binti kwenye orodha ya mtihani. Sababu: utoro.

Chaki alikusanya karatasi zote za hospitali, akamshika mama mkono, wakaenda shuleni. Hakungoja kukaribishwa.

"Fungua rejista yako," alimwambia mwalimu mkuu.

"Mama, kuna utaratibu hapa..."

"Mimi si mama yako. Fungua."

Akasoma tarehe moja baada ya nyingine, zote tisa, mbele ya walimu waliokuwa wakisahihisha madaftari. "Tarehe sita, anaongezewa damu. Umeandika mtoro. Tarehe saba, yuko kwenye oksijeni. Mtoro. Alitorokea wapi na mpira puani?"

Mwalimu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Akizimia kwenye mtihani, lawama ni zangu," mwalimu mkuu alifoka. "Hii ni shule, si wodi!"

"Na kule naambiwa ni wodi, si shule. Asomee wapi, barabarani?"

Hapo mama wa binti akasema polepole, "Mwalimu, tarehe kumi na tisa ulinipigia simu wewe mwenyewe. Ulisema nije nimchukue, analia anawasumbua wenzake. Hebu angalia siku hiyo umeandika nini."

Waliangalia. Mtoro.

Jina lilirudishwa, kwa kalamu iliyokaribia kutoboa karatasi. Hakuna aliyeomba radhi.

Binti alifanyia mtihani katika stoo ya mashuka pale wodini, dripu mkononi, msimamizi mlangoni. Matroni alinuna wiki nzima. Binti hakufaulu kwa kishindo, ila sekondari alipata. Mwalimu mkuu alipomwita kupiga picha na waliofaulu, binti alikataa katakata.

Wiki ya kwanza ya sekondari, Chaki alitinga kwa mkuu wa shule hiyo mpya na barua ya daktari, amejiandaa kwa vita. Mkuu huyo alimvutia kiti, akauliza binti anahitaji kunywa maji mara ngapi darasani.

"Kila anapotaka!" Chaki alimkaripia.

"Sawa," mkuu akasema, akaandika.

Chaki akabaki amesimama, hasira imemjaa, hana wa kumwagia.