Kidani cha Madam Adero

Walimu kumi na saba walikaa ofisini wakijadili zawadi ya kumuaga mwalimu mkuu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kwenda kuinunua. Madam Adero alikuwa ametangaza mwenyewe, bila haya, kwamba hataki saa ya ukutani wala blanketi. Alitaka kidani chenye jiwe jekundu, tena jiwe la kweli, si shanga za sokoni. Wote walimjua. Chochote atakacholetewa atakitia kasoro, na aliyekileta atatukanwa hadharani. Kila mtu akatazama kalamu yake, mpaka Mwalimu Cliff, naibu wa mkuu, akasema, "Tumtume Mama Naswa."

Mama Naswa ni Nakhungu, mpishi wa shule ile ya Nyalenda kwa miaka kumi na tisa. Alikuja Kisumu kutoka upande wa Bungoma akimfuata mume aliyekuwa fundi wa baiskeli. Mume akafa, Nakhungu akabaki na binti mmoja, Naswa, na mwiko. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, asiyecheka ovyo. Mchana kutwa hupika, na jioni hukaa kwenye kigoda akichambua maharagwe ya kesho. Jicho lake halipitwi na punje iliyotobolewa na fukusi.

Naye alimchukia Madam Adero kwa chuki iliyokomaa. Miaka tisa nyuma gunia la maharagwe lilikosekana stoo. Madam alipigisha kengele, akawapanga watoto wote uwanjani, akamwita mpishi mbele na kuumwaga mkoba wake mezani. Vilitoka leso, kitana, na kipande cha ugali kilichofungwa kwa karatasi. Watoto wakaangua kicheko. Naswa, wakati huo darasa la tatu, alikuwa kwenye mstari, na yeye ndiye aliyekuwa akipelekewa ugali ule. Wiki iliyofuata ikajulikana kwamba lile gunia halikuwahi hata kushushwa kutoka kwenye lori. Madam alipita jikoni, akasimama mlangoni, akasema, "Basi, endelea na kazi." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote.

Kwa hiyo Cliff alipoingia jikoni na bahasha ya michango ya walimu, Nakhungu hakuinuka.

"Mnanituma kwa ajili ya jiwe, ama kwa ajili ya matusi?"

Cliff aliitazama sufuria kana kwamba jibu limo humo. "Mama Naswa, wewe una jicho. Sisi tutanunua takataka."

"Wewe ni muoga, Mwalimu," Nakhungu alisema, akaipokea bahasha. Alitaka, hata kwa saa moja tu, kukishika mkononi kile kitu ambacho mwanamke yule alikitamani.

Siku ya Jumanne Nakhungu alikwenda mjini, kwenye duka jembamba la sonara lililobanwa kati ya duka la dawa na la simu. Mwenyewe aliitwa Walubengo, mwanamume wa makamo, kucha zimeingia weusi wa kung'arishia fedha. Alipomsikia akisema Kiswahili chenye lafudhi ya Bungoma, akakunjuka uso, akamwamkia na kumwita mama kwa lugha ya kwao.

"Mulembe, mayi! Kumbe ni mtu wetu. Keti."

"Mulembe. Nataka kidani cha jiwe jekundu. Na usinifanye ndugu, nifanye mteja."

Walubengo alicheka, akatandaza kitambaa cheusi na kukiwekea vidani vitatu. Cha kwanza kilikuwa na jiwe kubwa kama punje ya hindi, jekundu la kung'aa. "Hii ni rubi," alisema. "Madam yeyote ataipenda."

Nakhungu alikigeuza kwenye mwanga. Kilimeta mno. Aliona Walubengo ana kile kioo cha kukuzia ambacho masonara hubana jichoni, akamwambia amwazime. Ilimchukua muda kupata mahali pa kukishikilia, halafu ndani ya jiwe pakafunguka kama chumba. Akaona vidoa vidogo vya mviringo, viwili pamoja na kimoja peke yake.

"Haya mapovu ni ya nini?"

"Mapovu gani?"

"Mapovu, kama ya soda. Jiwe la kutoka ardhini linachemka?"

Walubengo alikichukua kidani, akakirudisha kwenye droo. Kisha akaegemea meza, sauti ikashuka. "Huyu Madam ni rafiki yako?"

"Namchukia."

"Basi, mayi, mbona unajisumbua! Mpe hicho hicho kidani cha kioo. Risiti nitaandika rubi. Inayobaki kwenye bahasha tunagawana, na yeye atavaa chupa shingoni mpaka azikwe nayo."

Nakhungu aliyaona yote akilini. Alimwona Madam Adero kanisani, kidevu juu, akikipapasa kioo kile mbele ya wanawake wenzake, na katika Kisumu nzima mpishi peke yake ndiye ajuaye. Utamu wake ulimpanda mpaka kooni. Angelala nao na kuamka nao. Lakini fikra nyingine ikaja nyuma yake: siku ile mkoba ulipomwagwa, haukuwa na kitu cha wizi. Akikubali leo, utakuwa nacho. Yule mwanamke atakuwa amesema kweli tangu zamani.

"Wewe ni mwizi," alimwambia Walubengo. "Nionyeshe jiwe."

Sonara alinuna, ila alionyesha. Rubi ya kweli ambayo pesa za bahasha zingeimudu ilikuwa ndogo kama kichwa cha kiberiti. Lakini kulikuwa na jiwe jingine, jekundu lenye giza kama juisi ya zambarau, liitwalo ganeti, linalochimbwa Taita. Nakhungu alilitazama kwa kioo. Halikuwa na mapovu, ila nyuzi mbili nyembamba kwa ndani. Akaligusisha kwenye mdomo, likamjibu kwa ubaridi wa jiwe. Alilinunua pamoja na mkufu wake wa fedha, akasimama pale mpaka Walubengo akaandika kwenye risiti neno ganeti, uzito wake na sahihi yake. Jioni ile akampa Cliff kidani na risiti. Cliff akaisoma mara mbili.

Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana, chini ya hema uwanjani. Baada ya hotuba Madam Adero alifungua kisanduku, akakiinua kidani kwa vidole viwili.

"Nani alinunua hii?"

Walimu wakatazamana. Cliff aliinua mkono, kidole kikaonyesha upande wa sufuria.

"Mpishi?" Madam aliishika maikrofoni. "Yaye! Mpishi anajua mawe ama anajua mwiko? Rubi haina weusi namna hii. Hii ni glasi, jamani. Mama Naswa, pesa za walimu umekula."

Baadhi wakacheka, kicheko cha watu wanaochungulia kwanza nani mwingine anacheka. Cliff alikuwa na ile risiti mfukoni. Aliinamia sahani yake.

Nakhungu alijifuta mikono, akatembea katikati ya viti mpaka kwa Cliff. "Toa," alisema. Cliff akatoa. Akaenda nayo mbele, akaiweka mezani, na sauti yake haikuhitaji maikrofoni.

"Haikuandikwa rubi, Madam, kwa hivyo hujadanganywa. Hiyo ni ganeti. Kapime popote. Ikitoka kioo, nitakuja kukupikia kwako bure mpaka nife. Ikitoka jiwe, rudi hapa, watoto wapangwe mstari kama ile siku, useme mbele yao kwamba sikuiba."

Madam Adero alikirudisha kidani kisandukuni, akaomba wimbo.

Hakurudi. Baada ya wiki mbili Cliff, ambaye sasa alikaimu ukuu, alikuja jikoni akitabasamu. Madam alikuwa amezunguka kwa masonara wawili mjini, naye Cliff ndiye aliyempeleka kwa gari. Wote walisema ganeti safi. "Aliniambia nisimwambie mtu," Cliff alisema. "Nilijua utafurahi."

"Risiti ulikuwa nayo mfukoni."

"Mama Naswa, nafasi ya ukuu ilikuwa bado..."

"Nimekuelewa." Akafunika sufuria ya nyama. Tangu siku hiyo Cliff, aliyekuwa akiwekewa sahani yake pembeni, alianza kupanga foleni dirishani nyuma ya darasa la nne, na alipolalamika kwamba sehemu yake ni mifupa, Nakhungu alimwambia mifupa nayo ni nyama.

Nakhungu alimwona Madam Adero mara moja tu tena, kule Ahero, kwa wauza mchele wa kando ya barabara. Madam alikuwa amekivaa kidani. Walitazamana juu ya magunia, hatua tatu hivi. Mwanamke yule akafungua kinywa, na Nakhungu akangoja, kwa sababu miaka tisa alikuwa amengoja. Kisha Madam akaivuta leso ya shingoni ikalifunika jiwe, akamuuliza muuzaji bei ya kilo.

Nakhungu hakumsalimia. Wala hamsalimii hadi leo.