Vitambaa vya Kufutia Panya

Kiwanda cha nguo kilipobinafsishwa, baba na wenzake walifungiwa geti, wakapewa majora ya kaki badala ya haki zao. Nani angeyanunua? Mitumba ilishajaa sokoni Morogoro, suruali ya Ulaya ikiuzwa bei ya chai na andazi. Baba aliyapanga majora sebuleni, akakaa kwenye kiti chake barazani akiitazama milima, na akaacha kuongea. Chakula alikiacha kikapoa.

Mimi nilikuwa na kibarua chuoni, kwenye banda la panya weupe. Wafadhili walileta kemikali za jamii ya mofini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, zinazoshika sehemu zile zile za ubongo zinazopokea mofini, wajue kama zinaweza kutibu sonona, ile huzuni isiyobanduka. Tulimchoma panya sindano, tukamtumbukiza kwenye chombo cha maji. Aliyeelea tu, tuliandika amekata tamaa. Aliyezidi kuogelea, dawa imefanya kazi. Niliwatazama nikimuwaza baba. Nilipomwomba mkuu wa mradi dawa kidogo, alicheka, akasema hiyo si ya watu, labda miaka ijayo. Kicheko kile sijakisamehe.

Jioni moja, kwa kukosa la kusema, nilimweleza baba kwamba taulo zimekwisha na panya wakitolewa majini wanatetemeka. Aliinuka. Aliazima mkasi kwa jirani, akakata jora la kwanza vipande vipande, akashona pindo kwa mkono ili nyuzi zisiwasumbue. Tangu hapo kila asubuhi nilikuta furushi tayari, naye akawa anakula. Aliniuliza habari za panya kama mtu anayeulizia wajukuu.

Dawa ikafaulu. Wafadhili walipeana mikono, wakafunga masanduku yao, nami nikaachishwa kazi. Nilimkuta baba anashona.

"Shikamoo, baba. Vitambaa havihitajiki tena."

"Wamepona?"

Nilimwambia wameuawa wote, ubongo ukachunguzwe, na kwamba ilipangwa hivyo tangu mwanzo.

"Hata walioogelea?"

"Hao ndio walioanza, baba."

Alikata uzi kwa meno, akakunja kitambaa, akanituma nirudishe mkasi kwa jirani. Niliporudi alikuwa kitini, ameitazama milima. Nilimtengea ugali. Ulipoa.